Sura ya 7: Kwa Nini Sumaku ya Sayari Kubwa Haitulii

Dira ikiwekwa juu ya meza huko Kasuku, mjini Kindu, karibu na ukingo wa Lualaba, sindano yake huyumba kidogo, kisha hutulia ikielekea kaskazini, upande uleule yanakokwenda maji ya mto. Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: je, itaelekea huko siku zote? Jibu ni hapana. Msafiri Stanley na mfanyabiashara Tippu Tip walipoondoka Nyangwe Novemba 1876 kuufuata mto huohuo, sindano ya dira katika nchi hii ilikuwa ikikengeuka upande wa magharibi kwa digrii kadhaa. Leo, hapo Kindu, inakaribia sana kaskazini halisi. Mto haukugeuza njia. Kilichohama ni sumaku ya Dunia.

Swali la pili hufuata lenyewe: na sayari nyingine je? Mshtarii, ile nyota kubwa isiyometameta ambayo watu wa Kindu huiona usiku ikipita juu karibu na utosi, ina sumaku yenye nguvu kuliko sayari zote. Zohali, Uranusi na Neptuni nazo zinayo. Sura hii inaeleza jinsi sumaku hizo zinavyobadilika, na kwa nini kulijua jambo hilo kumekuwa kazi ngumu.

Uga wa sumaku ni nini

Fundi wa redio sokoni akifungua spika iliyokufa, hutoa nyuma yake duara zito jeusi linalonasa parafujo kabla halijazigusa. Duara hilo likifunikwa karatasi, na juu yake ukanyunyizwa unga wa chuma unaobaki penye tupa ya fundi wa kuchomelea, unga haukai ovyo. Hujipanga mistari mistari inayotoka upande mmoja wa sumaku, inapinda, na kurudi upande wa pili. Eneo lote ambamo nguvu hiyo inasikika huitwa uga wa sumaku. Mistari hutuonyesha mwelekeo wake tu. Haipo kama nyuzi.

Nguvu ya uga hupimwa kwa gausi. Juu ya ardhi ya Dunia uga una takribani nusu gausi, nguvu ndogo inayotosha tu kugeuza sindano nyepesi. Juu ya mawingu ya Mshtarii, karibu na ikweta, ni gausi 4 hivi, na katika sehemu fulani za kaskazini hufika 20. Zaidi ya hapo, uga wa Mshtarii kwa sasa umegeuka kinyume na wa Dunia. Mtu angeweza kusimama huko na dira, sindano yake ingemwelekeza kusini.

Dinamo isiyo na baiskeli

Vitabu vya shule hupenda kuchora ndani ya Dunia fimbo ya sumaku, nyekundu huku na buluu kule. Mchoro huo ni rahisi, lakini unapotosha. Chuma kikipata joto kali hupoteza usumaku wake, na ndani ya sayari joto ni la maelfu ya nyuzi. Hakuna fimbo inayoweza kudumu humo.

Kilichomo kinafanana zaidi na dinamo ya baiskeli, ile chupa ndogo inayoegemea tairi. Gurudumu linapoizungusha, sumaku huzunguka kando ya waya wa shaba, umeme unatokea na taa inawaka. Mwendo umegeuka umeme. Umeme nao, ukipita katika waya, hutengeneza uga wa sumaku. Sayari hufanya yote mawili kwa pamoja: mwendo wa kioevu ndani ya uga huzaa umeme, umeme huo huzaa uga, na uga mpya huendeleza kazi. Dinamo ya namna hii hujilisha yenyewe. Inahitaji vitu vitatu:

- kioevu kinachopitisha umeme;
- joto la kukikoroga, kama mawese yanavyopanda katikati ya sufuria na kushuka pembeni yakiwa motoni;
- mzunguko wa sayari wa kuupanga mkorogo huo.

Katika Dunia kioevu hicho ni chuma kilichoyeyuka, kuanzia kina cha kilomita 2,900. Katika Mshtarii na Zohali ni hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Ikibanwa kwa kanieneo ya zaidi ya mara milioni moja ya hewa tunayoivuta, hidrojeni huanza kupitisha umeme kama metali, na wataalamu huiita hidrojeni ya metali. Katika Uranusi na Neptuni kazi hiyo hufanywa na maji na amonia vilivyobanwa na kuchemka kupita kiasi.

Kwa kifupi: sumaku ya sayari hutengenezwa upya kila siku na kioevu kinachotembea. Kwa kuwa kioevu hakitulii, uga nao hautulii.

Tofali linalokumbuka

Uga wa Dunia wa zamani unajulikanaje, ikiwa hapakuwa na mtu wa kuupima? Jibu linapatikana katika tanuru lolote la matofali ya kuchoma pembezoni mwa Kindu. Udongo mwekundu una chembe ndogo za madini ya chuma. Moto ukipita nyuzi 580 hivi, chembe za madini yaitwayo magnetiti husahau usumaku wote ziliokuwa nao. Kuni zikiisha na tanuru likaanza kupoa, chembe hizo hujipanga kufuata uga wa Dunia wa siku hiyo, kisha hufungwa hivyo. Tofali likitolewa, likajengewa ukuta, likazeeka, bado linabeba ndani yake mwelekeo wa sumaku wa siku moto ulipozimwa. Lakini ili lisomwe sawasawa, lazima ijulikane lilivyolala ndani ya tanuru. Tofali lililokwisha hamishwa linabaki na nguvu ya uga huo, ila mwelekeo limeupoteza.

Volkano hufanya kazi hiyohiyo bila kuni. Lava ya Nyiragongo iliyoingia Goma tarehe 17 Januari 2002 ilipopoa iliandika uga wa wiki hizo, na ile ya Mei 2021 ikaandika wa kwake.

Kumbukumbu maarufu kuliko zote Afrika ya Mashariki iko Tanzania, katika bonde la Olduvai. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walipima mawe ya lava ya tabaka la chini la bonde hilo. Lava hiyo ilitoka katika enzi ndefu ambapo, kama ilivyojulikana baadaye, uga wa Dunia ulikuwa umegeuka, yaani dira ingeelekea kusini. Mawe ya Olduvai hata hivyo yalionyesha kaskazini, kama leo. Maana yake ni kwamba katikati ya enzi ile ya kugeuka, uga ulirudi ukakaa sawa kwa muda, kuanzia takribani miaka milioni 1.95 iliyopita hadi milioni 1.78, kisha ukageuka tena. Wataalamu wa miamba dunia nzima hukiita kipindi hicho kwa jina la Olduvai, hata wanapokipata chini ya bahari mbali kabisa na Tanzania. Mgeuko wa mwisho wa Dunia ulitokea miaka 780,000 hivi iliyopita.

Sayari isiyo na jiwe

Hapa ndipo ugumu wa sayari kubwa unapoanza. Mshtarii hauna ardhi. Chini ya mawingu kuna gesi, chini ya gesi kuna gesi nzito zaidi, mpaka inakuwa kioevu bila mpaka unaoonekana. Hakuna lava inayopoa, hakuna tabaka, hakuna tofali. Uga wa jana ukishabadilika haukuacha alama popote ndani ya sayari. Kama Mshtarii umewahi kugeuza ncha zake, hakuna mwamba wa kuuliza.

Kwa hiyo shahidi pekee ni yule aliyepima akiwa hai. Wa kwanza walisikia kabla ya kuona. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin, wakitumia antena zilizotandazwa shambani karibu na Washington, walinasa mikwaruzo ya redio iliyorudi mara kwa mara. Mwanzoni ilidhaniwa ni kelele za karibu. Ilipogunduliwa kwamba inaufuata Mshtarii angani, ikawa dalili ya kwanza kwamba sayari hiyo ina uga wa sumaku, kwa sababu mawimbi ya aina ile hutolewa na elektroni zinazozunguka ndani ya uga wenye nguvu.

Baadaye vikaja vyombo vyenye vipima sumaku:

- Pioneer 10, Desemba 1973, na Pioneer 11, Desemba 1974;
- Voyager 1 na Voyager 2, mwaka 1979;
- Ulysses, Februari 1992, ikipita njiani kwenda kulitazama Jua;
- Galileo, iliyoizunguka sayari kuanzia 1995 hadi 2003;
- Juno, iliyofika Julai 2016.

Historia yote ya uga wa Mshtarii iliyoandikwa kwa vipimo vya karibu ina basi nusu karne tu. Bonde la Olduvai peke yake lina kumbukumbu ndefu mara maelfu.

Juno ndiyo iliyobadili mambo. Wenzake wengi walipita mara moja wakaenda zao, au walizunguka kwa mbali. Yenyewe huzunguka kupitia ncha, ikishuka kila mara hadi kilomita elfu chache tu juu ya mawingu, na kila mzunguko hupita juu ya longitudo tofauti, kama mkulima anayelima tuta kwa tuta mpaka shamba linakwisha. Vipima sumaku vyake vimewekwa mwishoni kabisa mwa mkono mmoja wa paneli za jua, mbali na umeme wa chombo chenyewe.

Doa Kubwa la Buluu

Ramani iliyotokana na Juno ilikuwa na ajabu yake. Upande wa kaskazini uga hutoka ndani kwa ukanda mwembamba wenye nguvu nyingi, na sehemu kubwa ya uga huo hurudi ndani mahali pamoja padogo karibu na ikweta. Mahali hapo pameitwa Doa Kubwa la Buluu. Jina lina hila kidogo: darubini haioni chochote cha buluu pale. Ni rangi tu ambayo wachoraji wa ramani huitumia kuonyesha panapoingia mistari ya uga.

Mwaka 2019 Kimberly Moore na wenzake walilinganisha ramani ya Juno na vipimo vya Pioneer 10 na 11, Voyager 1 na Ulysses. Waliuliza swali rahisi: kama uga wa leo ungekuwa uleule wa 1973, je, namba za Pioneer zingelingana nao? Hazikulingana. Tofauti ilikuwa ndogo lakini ya kweli, na sehemu yake kubwa ilitoka eneo la Doa la Buluu. Ndipo ikawa mara ya kwanza kuthibitika kwamba uga wa ndani wa sayari nyingine, si Dunia, unabadilika.

Kwa nini hasa pale? Mtu anayesimama ukingoni Kasuku Lualaba inapojaa ana jibu mbele ya macho yake. Mafungu ya majani yaliyong'oka huko juu hupita yakielea. Lile lililo katikati ya mto, penye maji ya kasi, huyaacha nyuma yale ya pembeni yanayojizungusha polepole karibu na mitumbwi. Fungu refu likiangukia nusu kwenye kasi na nusu kwenye utulivu, hupinda, hunyooka, mwisho hukatika. Mwenye kutazama majani anauona mwendo wa maji bila kuyagusa.

Uga wa sumaku katika kioevu kinachopitisha umeme hubebwa namna hiyo hiyo. Mshtarii una pepo zinazozunguka kwa mikanda, zile zinazoonekana kama mistari juu ya sura yake. Juno, kwa kupima mvuto wa sayari, ilionyesha kwamba mikanda hiyo haiishii mawinguni; inashuka kama kilomita 3,000. Kwenye kina hicho hidrojeni inaanza kupitisha umeme, ingawa kidogo, na upepo unaokwisha nguvu bado unaweza kuushika uga na kuuburuta. Doa la Buluu limekaa juu ya mkanda wa kasi. Linaburutwa kuelekea mashariki kwa sentimita 4 hivi kwa sekunde, na kingo zake, zilizoangukia penye mwendo mwingine, zinavutwa kinyume.

Sentimita 4 kwa sekunde ni mwendo wa polepole sana. Kwa siku ni kilomita tatu na nusu. Kwa sayari yenye mzingo wa karibu kilomita 449,000, Doa litahitaji miaka 350 hivi kuuzunguka Mshtarii mara moja. Lile Doa Kubwa Jekundu linalojulikana zaidi, ambalo ni dhoruba ya juu tu, huelekea magharibi na kumaliza mzunguko kwa miaka minne na nusu hivi.

Simulizi haikuishia hapo. Njia ya Juno ilipangwa ili ipite mara nyingi juu ya Doa, na mwaka 2024 Jeremy Bloxham na wenzake walitangaza kwamba mkondo unaoliburuta hauendi kwa kasi moja. Hukaza na kulegea, kwa mzunguko wa takribani miaka minne. Sababu inayoelekea zaidi ni mawimbi yanayosafiri katika kioevu chenye uga: mistari ya uga ikivutwa hukataa kama kamba ya gitaa, ikarudi, ikapitiliza, ikarudi tena. Dunia nayo ina mawimbi ya aina hiyo katika chuma chake. Kuyapata katika Mshtarii ndani ya miaka michache ya vipimo ni jambo ambalo wachache wangelitabiri, kwani wengi walitarajia kusubiri miongo.

Kwa kifupi: uga wa Mshtarii unabadilika polepole, mahali pamoja zaidi ya pengine, na kinachoubadilisha ni pepo za kina.

Zohali: saa iliyoharibika

Sayari isiyo na ardhi haina mlima wala mji wa kuhesabia mizunguko. Kwa Mshtarii tatizo hili lina dawa: uga wake umeinama digrii 10 hivi kutoka mhimili wa mzunguko, kwa hiyo huyumba sayari inapozunguka, na kila myumbo ni siku moja. Ndivyo siku ya Mshtarii ilivyopimwa, saa 9, dakika 55 na sekunde 29.7.

Zohali ilikataa dawa hiyo. Chombo Cassini kiliizunguka kuanzia 2004 hadi kilipozama ndani yake tarehe 15 Septemba 2017, na mizunguko yake ya mwisho ilipita kati ya sayari na pete zake. Vipimo vilionyesha kwamba uga hauinami hata sehemu ya mia ya digrii. Unazunguka kama pia iliyochongwa vizuri mno; hakuna mahali pa kuwekea jicho. Mawimbi ya redio ya Zohali, ambayo Voyager iliyahesabu kuwa yanarudi kila saa 10, dakika 39 na sekunde 24, yalipopimwa na Cassini yalikuwa yamechelewa dakika sita hivi. Hakuna sayari inayoweza kupunguza mwendo kiasi hicho kwa miaka ishirini na kitu. Kilichobadilika ni mikondo ya umeme iliyo nje, angani mwa Zohali, si siku yake. Mwaka 2019 siku hiyo ilipatikana kwa njia nyingine kabisa, kwa kusoma mawimbi madogo yanayotikisa pete: saa 10, dakika 33 na sekunde 38.

Uga huo mnyoofu una kitendawili. Mwaka 1933 Mwingereza Thomas Cowling alithibitisha kwa hesabu kwamba dinamo haiwezi kudumisha uga uliolingana kikamilifu kuuzunguka mhimili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dinamo ya Zohali ina vurugu zake kama nyingine, ila juu yake kuna tabaka tulivu, ambapo heli hujitenga na hidrojeni na kunyesha ndani kama mvua. Tabaka hilo, likizunguka kwa kasi yake, huchuja vurugu na kupitisha ile sehemu laini tu. Mabadiliko yakiwepo, yamefunikwa.

Uranusi na Neptuni

Habari za hizi mbili ni fupi, kwa kuwa zimetembelewa mara moja tu kila moja, na chombo kimoja, Voyager 2: Uranusi Januari 1986, Neptuni Agosti 1989. Uga wa Uranusi umeinama digrii 59 kutoka mhimili wake, wa Neptuni digrii 47, na katikati ya kila uga haimo katikati ya sayari. Kipimo kimoja hakionyeshi badiliko. Kituo cha sumaku cha Addis Ababa, kilichoanza kazi 1958, kina miongo ya kumbukumbu. Uranusi una siku chache za 1986.

Kitu kimoja hata hivyo kimerekebishwa. Darubini ya Hubble ilifuatilia miale ya ncha za Uranusi, ile mianga inayowaka uga unapoongoza chembe za umeme kwenye hewa ya sayari, kati ya 2011 na 2022. Kwa kuhesabu jinsi mianga hiyo inavyorudi, siku ya Uranusi ilipatikana kuwa saa 17, dakika 14 na sekunde 52, ndefu kwa sekunde 28 kuliko Voyager ilivyosema.

Mabadiliko yanayotoka nje

Si kila mtikisiko wa uga unatoka kwenye dinamo. Jua hupuliza mfululizo chembe zenye umeme, ziitwazo upepo wa Jua, na upepo huo ukivuma kwa nguvu hubonyeza uga wa sayari kama kiganja kinavyobonyeza puto. Upande unaolitazama Jua, uga wa Mshtarii huweza kusukumwa kutoka umbali wa mara 100 ya nusu kipenyo cha sayari hadi mara 50, kisha ukatanuka tena. Hilo huchukua siku, si karne.

Kuchanganya mambo haya mawili kumewahi kupotosha watu. Vipimo vya Voyager 2 vya 1986 vilipochambuliwa upya mwaka 2024, ilionekana kwamba chombo kilifika Uranusi mara baada ya upepo wa Jua kuubonyeza uga, hali inayotokea kwa asilimia 4 tu ya wakati. Kwa karibu miaka arobaini vitabu viliieleza sayari hiyo kwa sura ya siku yake mbaya.

Alama iliyobaki

Kwa muda mrefu kabisa, mabilioni ya miaka, sayari kubwa hupoa na kusinyaa, na dinamo iliyo na joto dogo la kuikoroga hulegea. Uga wa Mshtarii wa utotoni ulipaswa kuwa na nguvu zaidi, lakini kiasi gani? Jiwe la kuuliza halipo ndani ya sayari. Mwaka 2025 Konstantin Batygin na Fred Adams walilitafuta nje, katika miezi miwili midogo iliyo karibu sana na Mshtarii, Amalthea na Thebe. Njia ya Amalthea imeinama chini ya nusu digrii, ya Thebe kama digrii moja. Miinamo hiyo ni midogo mno kuonekana kwa jicho, lakini iliachwa na mwezi mkubwa zaidi, Io, ulipokuwa ukisogea nje taratibu. Kutoka humo ilihesabiwa Io ilianzia wapi, na kutoka mahali hapo Mshtarii ulikuwa mkubwa kiasi gani wakati gesi iliyouzunguka ilipokwisha, miaka milioni 3.8 baada ya chembe ngumu za kwanza za mfumo wa Jua kujitokeza: upana wake ulikuwa mara mbili hadi mbili na nusu ya wa leo, na nguvu ya uga wake mara 50 ya ile ya leo.